Kitabu Kilichonibadilisha Hakikumgusa Rafiki Yangu

Nilimwazima rafiki yangu kitabu ninachokithamini kuliko vyote nilivyonavyo. Nilimkabidhi kwa mbwembwe, kama mtu anayekabidhi wasia. Baada ya wiki mbili akakirudisha. "Ni kizuri," akasema, kisha akaanza kuzungumzia mambo mengine. Niliudhika siku kadhaa. Amekisoma kweli huyu?

Alikisoma. Ila rafiki yangu anapatana na ndugu zake wote.

Mimi wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu sizungumzi na kaka yangu. Chanzo kilikuwa deni dogo na maneno makubwa. Kichwani nilikuwa na hesabu kamili ya ugomvi wetu: alichosema yeye, nilichojibu mimi, nani alipaswa kumwomba radhi mwenzake. Kila nilipoirudia hesabu ile nilitoka mshindi.

Mwaka huohuo nilikuwa nimejiwekea lengo la kusoma vitabu 50. Vingi vilikuwa vya mafanikio na kujiendeleza, na nilivisoma mbiombio huku nikipigia mistari nusu ya kila ukurasa. Leo ukiniuliza vilisema nini, nitakutajia rangi za majalada. Katikati ya mbio hizo nikachukua riwaya moja nyembamba. Sikuichagua kwa lolote jingine. Ilikuwa nyembamba, nami nilikuwa nimechelewa katika ratiba yangu.

Msimulizi wake ni mzee anayeeleza jinsi ndugu zake walivyomtenga. Nilikuwa upande wake tangu aya ya kwanza. Alikuwa mtu wa haki, mwenye kumbukumbu nzuri, aliyedhulumiwa. Halafu, karibu na katikati, anausimulia tena ugomvi wa zamani aliokwisha kuusimulia mwanzoni, na safari hii neno moja limebadilika. Mara ya kwanza alisema mdogo wake "alinifokea". Sasa anasema "alinisihi". Nikarudi nyuma kurasa nyingi kuhakikisha kwamba sikukosea. Sikukosea. Mwandishi alikuwa ameniacha nimwamini yule mzee kwa kurasa zaidi ya mia, kisha akanionyesha kwa neno moja kwamba nilikuwa namsikiliza mtu anayejitetea.

Nikakifunga kitabu, nikaanza kuipitia hesabu yangu mwenyewe. Kaka alinifokea, hilo nilikuwa na hakika nalo. Je, kabla ya kunifokea alisema nini? Sikukumbuka. Miaka mitatu nilikuwa nimeibeba nusu ya mazungumzo.

Sikumpigia simu usiku ule. Ilinichukua siku nne, na nilikaribia kuacha.

"Shikamoo, kaka."

Kimya kirefu. "Marahaba. Kuna msiba?"

Hatukuyamaliza yote siku hiyo, lakini tulianza.

Kwa hiyo mtu akiniomba orodha ya vitabu vya kubadilisha maisha, namuuliza kwanza: ni jambo gani linalokukosesha usingizi? Wengine hucheka. Wengine hunyamaza kidogo, na hao ndio ninaoweza kuwasaidia. Kitabu hakimbadilishi mtu asiye na swali. Na swali lenyewe si lazima ulijue. Langu sikulijua, nilidhani nina jibu.

Nimegundua kwamba hata kwa watu wakubwa mambo huenda hivyo. Mwaka 1904 Gandhi, akiwa wakili Afrika Kusini, alipewa na rafiki yake kitabu cha mwandishi Mwingereza John Ruskin alipokuwa akipanda treni kutoka Johannesburg kwenda Durban. Hakuweza kukiweka chini, na usiku ule hakulala. Watu hukisimulia kisa hiki kama muujiza wa kitabu. Mwenyewe alieleza jambo la kawaida zaidi: alikuta humo baadhi ya imani zake za ndani kabisa zikimtazama kama katika kioo. Kinachonivutia ni alichofanya baadaye. Mwaka huohuo alinunua shamba karibu na Durban, akahamishia huko gazeti lake na watu waliokuwa tayari kuishi kwa kazi ya mikono yao. Hakusema tu kwamba kitabu kilikuwa kizuri.

Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, naye alisoma kitabu cha mchumi Malthus kuhusu ongezeko la watu mwaka 1838, na kwa maneno yake mwenyewe alikisoma kwa kujiburudisha. Kitabu kile kilitoka mara ya kwanza mwaka 1798, na wasomaji wake walikuwa wengi. Ila Darwin alikuwa na zaidi ya mwaka mzima akijaza madaftari kuhusu jinsi viumbe wanavyobadilika. Mlango ulikuwa wazi tayari, na humo akapata wazo lililomsaidia kueleza mabadiliko hayo hutokeaje.

Sasa ushauri wangu, kwa kadiri ulivyonifaa mimi. Punguza idadi. Sina ugomvi na wanaosoma vitabu vingi, ila hesabu ya vitabu hugeuka kuwa mashindano, na anayeshindana hana muda wa kurudi nyuma kurasa mia kuhakiki neno moja. Kitabu kisichokushika, kiweke rafuni bila kinyongo. Huenda muda wake haujafika. Ninacho kimoja kuhusu kuzeeka nilichokishindwa mara mbili, na nakingoja kwa utulivu.

Kitabu kikikugusa, fanya jambo moja dogo kabla ya wiki kuisha. Piga simu, andika barua, lipa deni, acha kitu. Ule moto wa kurasa za mwisho hupoa haraka kuliko tunavyodhani. Nimewahi kumaliza vitabu nikiwa na hakika kwamba kesho yake nitaamka mtu mpya, nikaamka yuleyule, nimechelewa kazini.

Soma pia usichokubaliana nacho, na hapo nina mbinu niliyoichukua kwa Darwin. Alikuwa na desturi ya kuandika mara moja kila hoja iliyopingana na mawazo yake, kwa sababu aliona kwamba hoja za namna hiyo hutoroka kichwani upesi kuliko zile zinazotuunga mkono. Nimeijaribu na inaumiza. Mistari niliyokuwa nikiipigia zamani ilikuwa karibu yote ni ya watu wanaosema ninachokiamini tayari.

Kuhusu vitabu vya ushauri dhidi ya riwaya, nitasema tu kwamba mtu akiniambia waziwazi "wasikilize wengine", nitaitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zangu. Riwaya iliningoja nikosee kwanza.

Na kuna hili la kuandika pembeni ya kurasa. Montaigne, yule mwanainsha Mfaransa wa karne ya 16, alilalamika kwamba kumbukumbu yake mbovu ilimfanya achukue vitabu akidhani ni vipya, kumbe alikwisha kuvisoma na kuvijaza maandishi. Akaanza kuandika mwishoni mwa kitabu tarehe aliyokimaliza na maoni yake ya jumla. Nami hufanya hivyo, kwa penseli. Faida yake huionja ukirudia kusoma.

Rafiki yangu aliponirudishia ile riwaya, niliifungua tena mwanzoni, penye ule ugomvi unaosimuliwa mara ya kwanza. Mzee anasema mdogo wake alimfokea, na kwamba yeye hakuwa na kosa lolote. Pembeni, kwa mwandiko wangu, palikuwa na maneno mawili na alama ya mshangao: "Kweli kabisa!"