Mkanda wa jeshi umekauka, mbona kanga bado inaniunguza?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 61, naishi Morogoro. Wiki saba zilizopita nilitokwa na mkanda wa jeshi upande wa kulia, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi. Nilipewa asikloviri nikameza siku saba, malengelenge yakakauka na magamba yakadondoka. Maumivu ndiyo yamegoma. Usiku kanga ikinigusa tu naruka. Nanunua diklofenaki duka la dawa, nafuu sioni. Nina presha na natumia dawa zake kila siku. Je, nirudie asikloviri? Jirani ananiambia nisage pilipili nipake. Pia nina mjukuu wa miezi minne, nambeba mchana kutwa. Na watu wananong'ona kwamba huu ni ugonjwa wa ukimwi.

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana.

Nimeanza na hiyo kanga, maana imenieleza mengi kuliko vyote ulivyoandika. Mwenye kidonda hulalamika akibonyezwa. Wewe unaumizwa na kitambaa kinachopita juu ya ngozi iliyokwisha kupona. Ina maana shida imehama ngozini, sasa iko kwenye mshipa wa fahamu.

Virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga haviondoki. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo, vikalala humo miaka na miaka. Kinga ikilegea, na umri peke yake unatosha kuilegeza, huamka na kuteremka kupitia mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana upele wako ulifuata mstari wa upande mmoja bila kuvuka katikati ya kifua: upande wa pili una mishipa yake. (Kama umeshaambiwa kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mtu anakufa, achana nayo hiyo.) Njiani virusi huuchubua mshipa wenyewe, ukabaki kama waya wa umeme uliochunika plastiki. Unapiga cheche hata pasipo sababu.

Kwa hiyo asikloviri usiirudie. Kazi yake ni kuzuia virusi visizaliane, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku. Wakati huo umepita.

Diklofenaki nayo iache. Inatuliza uvimbe, na wewe huna uvimbe. Tena kwa mwenye presha ni mbaya zaidi: inapandisha presha, inachosha figo, na inagongana na baadhi ya dawa za presha. Nakuomba hili ulifanye kabla ya mengine yote.

Dawa unayoihitaji ni ya mishipa ya fahamu. Mara nyingi tunaanza na amitriptilini, kidogo sana, tuseme nusu ya kidonge cha miligramu 25, saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha daktari anapandisha taratibu. Ukisoma karatasi ya ndani ya boksi utakuta imeandikwa dawa ya sonona. Usishtuke, hakuna aliyekuona umechanganyikiwa. Kwa dozi ndogo inapunguza kelele za mshipa. Itakukausha mdomo, pengine na choo kiwe kigumu. Ninachokihofia zaidi ni kizunguzungu cha usiku: ukiamka kwenda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho amweleze daktari mapema, huenda akapewa gabapentini badala yake. Hiyo nayo dozi yake hupimwa kwa hali ya figo, na haiachwi ghafla. Zote mbili si dawa za kuomba dirishani bila cheti.

Halafu subira. Wengi humeza siku tatu, wakaona bado inauma, wakatupa. Dawa hizi huhitaji wiki kadhaa, na kipimo cha kwanza cha nafuu huwa usingizi: ulikuwa ukiamka mara tano, sasa mara mbili. Andika kwenye daftari kila asubuhi, umpelekee daktari.

Kuhusu pilipili, jirani yako hakukosea sana! Ukali wa pilipili, kapsaisini, hutengenezewa krimu ya maumivu haya haya, kwa kiasi kilichopimwa, na hupakwa kwenye ngozi isiyo na jeraha. Ya kusaga jikoni haina kipimo. Itakubabua, na ukijisahau ukashika jicho, au ukambeba mtoto, ni balaa jingine.

Na kanga yenyewe? Usilale nayo ikiwa inapepea juu ya mwili. Mshipa uliochubuka huchukia mguso mwepesi kuliko mkandamizo, kwa hiyo kipande cha pamba laini kilichofungwa imara kiasi kuzunguka kifua mara nyingi huuma kidogo kuliko nguo inayoteleza. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi nacho husaidia kwa dakika chache. Barafu hapana.

Mjukuu mbebe tu. Hatari ilikuwa wakati malengelenge yana maji, na hata hapo angepata tetekuwanga, si mkanda. Magamba yakishakauka, basi.

Wanaonong'ona wana chembe ya ukweli: VVU hudhoofisha kinga, na mkanda wa jeshi kwa kijana hutufanya tumshauri apime. Lakini kwa miaka 61 umri wenyewe unatosha kuuleta. Pima kwa ajili ya amani yako, siyo kwa ajili yao.

Maumivu yakipita miezi mitatu tangu upele uanze ndipo tunayaita sugu. Wewe uko wiki ya saba, bado tuna nafasi ya kuyatuliza, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Ukienda hospitali beba dawa zako zote za presha kwenye mfuko, hata zile ulizoacha kumeza, daktari azione kabla hajaandika amitriptilini.