Nani Aliyeibomoa Ngome ya Kefalonia?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliona picha ya magofu ya ngome ya Mtakatifu Georgios, iliyo juu ya kilima katika kisiwa cha Kefalonia nchini Ugiriki. Mjomba wangu anashikilia kwamba ilibomolewa na mizinga ya Waturuki. Mimi nina shaka, kwa kuwa kuta za nje bado zimesimama ilhali majengo ya ndani yamekwisha. Ukweli ni upi?
Msomaji, Subukia, Kaunti ya Nakuru

JIBU: Shaka yako ina msingi, ingawa Waturuki mjomba hakuwabuni. Walikitwaa kisiwa hicho katika karne ya 15; lakini vita vikubwa vya ngome hiyo, vya mwaka 1500, viliwakuta wao wakiwa ndani, na mizinga iliyoipiga ilikuwa ya Venice, mji wa Italia uliokuwa dola inayojitegemea wakati huo, na ya Wahispania walioongozwa na Gonzalo Fernández de Córdoba. Kilima kina kimo cha mita 320 hivi kutoka usawa wa bahari, na kupanda huko chini ya mishale hakukuwa jambo la mzaha. Husimuliwa kwamba walinzi walitumia kulabu za chuma kuwanasa washambuliaji na kuwavuta juu ya ukuta. Ngome ilianguka mkesha wa Krismasi, baada ya mazingiwa yaliyoanza Novemba.

Venice haikuiacha gofu. Iliikarabati, ikaimarisha kuta zikabiliane na mizinga, na ikaifanya makao makuu ya kisiwa kwa zaidi ya karne mbili. Kilichoidhoofisha, kwa maoni yangu, ni biashara: hofu ya maharamia ilipopungua, hapakuwa na sababu ya kuishi kileleni huku meli zikitia nanga ghubani, na mwaka 1757 utawala ukahamia Argostoli, mji wa bandari. Mji ukikosa watawala na wafanyabiashara, nani atakarabati paa?

Pigo la mwisho lilikuwa la ardhi yenyewe. Kefalonia iko mahali ambapo mabamba ya ardhi husukumana na kukwaruzana, na matetemeko yameirudia mara kwa mara. Mnamo Agosti 1953 yalifuatana kwa siku chache. Kubwa zaidi, la tarehe 12, lilikuwa la kipimo cha 7 na ushei, likaangusha karibu nyumba zote za kisiwa isipokuwa upande wa kaskazini. Wewe wa Subukia huhitaji kuelezwa sana, kwani tetemeko la Januari 6, 1928, la kipimo kinachokaribia 7, lilipasua ardhi ya kwenu.

Kuhusu kuta ulizoziona, zilijengwa nene mno kwa ajili ya mizinga, ndiyo maana zimedumu kuliko makanisa na nyumba zilizokuwa ndani. Mwambie mjomba kwamba Waturuki walipigana kuilinda.