Jibu: Daktari wa usingizi kushtakiwa kwa jinai

Ndugu, umeuliza kama daktari wa usingizi anaweza kushtakiwa kwa jinai, au mambo huishia kwenye fidia. Anaweza. Soma kesi ya Adomako, daktari wa usingizi huko Uingereza, iliyofika hadi mahakama ya juu kabisa mwaka 1994. Katika upasuaji wa jicho, saa 5:05 asubuhi, mpira wa kupumulia wa mgonjwa ulichomoka pale ulipounganishwa. Kengele ya kipimo cha presha ililia dakika kama 4 na nusu baadaye. Adomako akakagua vifaa, akachoma atropini (dawa ya kuongeza mapigo ya moyo), lakini pale mpira ulipounganishwa hakupaangalia. Saa 5:14 moyo wa mgonjwa ukasimama. Hukumu ya kuua bila kukusudia ikabaki palepale.

Kwa hiyo kengele ikilia anza na mgonjwa: kifua kinapanda? Kisha fuata mpira kwa mkono, kutoka mdomoni hadi mashineni. Kipimo cha kaboni dayoksaidi ya pumzi huonyesha mpira uliochomoka ndani ya pumzi chache. Presha huchelewa mno.

Fomu ya kumbukumbu za usingizi ijazwe kila dakika 5, pamoja na dozi na saa. Ukichelewa, ongeza maelezo mapya yenye saa halisi ya kuyaandika. Usifute kitu. Inauma kuona daktari aliyetibu vizuri akipoteza kesi kwa sababu hofu ilimsukuma kurekebisha fomu usiku.