Nairobi hadi New York: saa 7, 13 au 15?

SWALI: Binti yangu anakwenda kusoma New York mwezi huu wa Januari. Tiketi inasema ataondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25, yaani saa saba tu! Wakala anasema kwenda ni saa 15 na kurudi 14. Mimi nimegawanya kilomita 11,800 kwa mwendo wa ndege wa 900, nikapata 13. Nimwamini nani? (Mama msomaji, Mombasa)

JIBU: Shikamoo, mama. Niamini mimi ninayepanga njia na mafuta ya safari ndefu kama hiyo: hakuna aliyekudanganya.

Kwanza tiketi. Saa zake ni za mahali ndege ilipo. 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku ya Nairobi. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi ya New York. Januari wako nyuma yetu kwa saa 8. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7. Binti akitua, Mombasa ni saa nane na dakika 25 mchana. Hesabu tangu aondoke: 15 kamili. Tena wenyeji wake wasisome 06:25 kuwa saa sita. Namjua mtu aliyekwenda kupokea mgeni adhuhuri, akamkuta amekalia sanduku tangu alfajiri.

Kilomita zako ni sahihi, za njia fupi kabisa. Vuta uzi juu ya tufe: utapita Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, jirani na Marrakech, halafu visiwa vya Azores. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani utapita Kongo na Nigeria, na njia hiyo ni ndefu zaidi, kwa kuwa ramani imeilaza dunia iliyo duara. Lakini hata ule uzi hatuufuati sawasawa. Kuna mawingu ya radi ya kukwepa na anga zisizopitika, basi tuseme inakuwa kilomita 12,100.

Kilichobaki ni upepo. Huko juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mikondo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kipupwe cha kaskazini huizidisha nguvu. Mahali pengine hupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inakata hewa kwa 900, ila hewa yenyewe inatembea. Ikipigwa usoni kwa wastani wa 50, juu ya ardhi inasogea kwa 850: saa 14 na robo. Ongeza kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, umefika 15. Akirudi, upepo uleule unamsukuma mgongoni: 950, chini kidogo ya saa 13. Ongeza ya uwanjani na akiba ya ratiba, ndiyo 14 ya wakala.

Tangu safari hii ya moja kwa moja ianze Oktoba 2018, upande wa kwenda ndio mgumu. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege imebeba mafuta ya saa 15. Baridi ya usiku inasaidia, maana hewa baridi ni nzito na mabawa yanapata pa kushika. Siku upepo ukikaza mno, mafuta hayapunguzwi. Shehena ndiyo inayobaki chini.