Kitalu cha miche ya mboga: mambo ya kujua kabla kikundi hakijanunua trei ya kwanza

Vijana na akina mama wengi wanaotaka kuingia kwenye kilimo hukwama mahali pamoja: ardhi. Shamba ni la baba, la mume au la ukoo, na la kukodi linadai pesa ya msimu mzima kabla hamjaona hata ua moja. Kitalu cha miche kinawapunguzia mzigo huo. Eneo la mita 10 kwa 10 lenye maji ya uhakika linatoa miche ya nyanya ya ekari 5 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na pesa inarudi baada ya wiki 4 au 5. Hata hivyo kazi hii haina subira. Mche una tarehe yake, na ukipitwa nayo hauuziki tena.

Ndiyo maana kazi inaanza na oda, mbegu zinafuata. Ekari moja ya nyanya, ikipandwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 50 mche hadi mche, inachukua miche 10,800 hivi. Kabichi kwa 60 na 45 inakaribia 15,000. Kabla ya kusia mbegu, nendeni mkaone shamba la mteja kwa macho yenu: limelimwa? Maji yapo? Mkulima anayesema "nitalima wiki ijayo" huwa hajalima mwezi ujao, na miche yenu itakuwa inazeeka kwenye trei, ile sahani ya vitundu ambamo kila mche una kitundu chake. Mche wa nyanya uliokaa wiki 6 kwenye trei ya matundu 200 mizizi yake imejizungusha, majani yamekuwa ya njano na umeanza kutoa maua. Ukipandwa hivyo unadumaa, na lawama inarudi kwenu. Chukueni kianzio kinachotosha angalau kulipa mbegu zote, mkiandikishana tarehe ya kuchukua.

Tarehe hiyo mnaihesabu kurudi nyuma. Nyanya huchukua siku 21 hadi 30 tangu kusia, kabichi wiki 4, pilipili hoho na bilinganya wiki 5 hadi 6. Vitunguu vina wiki 6 hadi 8, na hivyo vikae kwenye tuta la kawaida, maana kwenye trei gharama haitarudi.

Sasa hesabu ya bei, ambayo vikundi vingi vipya huikosea. Tuseme mmesia trei 60 za matundu 200, yaani mbegu 12,000. Zikiota kwa asilimia 90 mna miche 10,800. Toeni asilimia 5 ya miche dhaifu, iliyopinda au isiyo na kichipukizi cha katikati: imebaki 10,260. Ikiwa gharama zote, pamoja na malipo ya wamwagiliaji, ni shilingi 600,000, ukigawa kwa mbegu utasema mche umegharimu shilingi 50, wakati gharama ya kweli ni zaidi ya 58. Anayeuza kwa 55 akidhani ana faida ya 5 anakula mtaji. Gaweni kwa miche inayouzika, kila mara.

Mbegu nunueni kwa muuzaji anayetoa risiti, pakiti ikiwa imefungwa na ina lebo ya TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Tunzeni pakiti tupu yenye namba ya kundi la mbegu mpaka mteja avune. Likitokea tatizo la mbegu huo ndio ushahidi wenu pekee.

Kinachojazwa kwenye trei mara nyingi ni kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi. Tofali lake kavu la kilo 5 likiloweshwa huvimba na kujaza trei zaidi ya 20. Lile ambalo halikuoshwa kiwandani lina chumvi. Lilowesheni, mwage maji, mrudie mara mbili au tatu, la sivyo ncha za majani zitaungua na mtadhani ni ugonjwa. Kipimo cha unyevu ni ngumi: ukikamua yatoke matone machache tu kati ya vidole, na ukifungua kiganja donge libaki limeshikana. Kokopiti haina chakula cha mmea. Jani halisi la kwanza likitoka (yale mawili ya mwanzo ni ya mbegu), anzeni kumwagilia mbolea ya maji ya NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita, mara moja au mbili kwa wiki. Msiwape miche urea ili irefuke haraka. Itarefuka kweli, ila itakuwa laini na italala chini siku ya kwanza ya jua la shambani.

Pasipo na kokopiti, changanyeni udongo wa msituni sehemu 3, samadi iliyooza kabisa sehemu 2 na mchanga sehemu 1, kisha muuue vimelea: tandazeni ukiwa na unyevu, ufunikeni kwa nailoni angavu, kingo zibanwe na udongo, ukae juani wiki 4 hadi 6. Udongo uliotoka kwenye shamba la nyanya, viazi au bilinganya usiingie kitaluni hata kidogo. Mnyauko wa bakteria hukaa kwenye udongo miaka mingi, na mche unaweza kuondoka kwenu ukiwa mzima wa sura, ukanyauka kwa mkulima wakati wa maua.

Baada ya kusia kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, trei hupangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa nailoni nyeusi kivulini: kabichi siku 2 hadi 3, nyanya 3 hadi 4, hoho 6 hadi 8. Hapa ndipo mgeni anapoharibu. Kagueni asubuhi na jioni. Mnapoona vijishingo vya kwanza vinachomoza, trei zote zinatoka siku hiyohiyo. Zikilala usiku mmoja zaidi gizani mnapata miche myeupe, mirefu na isiyosimama, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Trei zikitoka zikae juu ya kichanja cha fito au waya, kimo cha kiuno. Hewa ikipita chini, mzizi unaofika kwenye tundu la chini ya trei unajikata wenyewe na kuchipua mingine ndani, na mche unang'oka na bonge lake. Trei ikikaa chini, mizizi inaingia ardhini, na siku ya kutoa inakatika.

Adui mkubwa wa wiki mbili za kwanza ni kinyausi. Shina linasinyaa usawa wa udongo kama lililobanwa na uzi, mche unaanguka, kesho wameanguka majirani zake, na baada ya siku 3 trei ina kiraka kitupu. Vimelea hivi hupenda maji yaliyotuama, hewa nzito na vyombo vichafu, kwa hiyo kinga ni kazi ya mikono kuliko dawa. Mwagilieni asubuhi kwa keni yenye matundu madogo mpaka maji yaanze kudondoka chini ya trei, mkaishie hapo. Mchana wa jua kali rudieni kidogo ikiwa juu pamekauka. Jioni msiache majani yakilala na maji. Trei zilizotumika zisuguliwe kwa sabuni, zilowe dakika 30 kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, kisha zisuuzwe. Kiraka kikitokea, trei nzima inatoka kitaluni. Huruma ya kuokoa miche 150 iliyobaki imewahi kumaliza miche 10,000.

Ugumu ni kwamba wateja wengi hujitokeza wakati mbaya kwa kitalu. Maeneo mengi yanayopata masika, wakulima wa nyanya hukwepa mvua kwa sababu ya bakajani, ugonjwa wa madoa na kuoza kwa majani, wakataka kupandikiza Mei na Juni maji yanapopungua. Maana yake mnasia Aprili, mvua ikiwa kali na kinyausi kikiwa kimeota meno. Paa la nailoni angavu juu ya kichanja ni lazima msimu huo, pande zikiwa wazi kwa hewa, zimezibwa kwa neti tu.

Neti hiyo iwe ya matundu madogo ya kuzuia nzi weupe, maana ndio wanaoleta rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na mmea kudumaa. Mche ukiambukizwa ukiwa mdogo hauzai. Kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, naye huanza kitaluni kwa vijimstari vyeupe ndani ya majani. Mlango uwe wa pazia mbili, na anayevuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu tumbaku hubeba virusi vya nyanya.

Kuhusu kitalu nyumba (greenhouse) cha bei kubwa: msianze nacho. Ukanda wa joto kama Pwani na sehemu za chini za Morogoro, kikijengwa bila hewa ya kutosha kinapika miche. Nguzo, neti na kivuli kinachozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua vinatosha kujifunzia.

Sasa ajira. Tuseme wazi: trei 100 haziwezi kulisha watu 10. Zinahitaji watu wawili kila siku na mikono ya ziada siku ya kusia na siku ya kutoa. Kikundi kinachogawana faida ya kitalu pekee kwa watu 10 huvunjika, na hukumu hiyo haihusiani na bidii ya mtu. Panueni kazi kuzunguka mche: wawili wanamwagilia, wawili wanatengeneza mboji, mmoja anatafuta oda na kukagua mashamba, na kundi la watano linapandikiza kwa mteja kwa malipo ya mstari au ekari. Huduma ya kupandikiza ndiyo yenye ajira nyingi, tena mkulima huilipia kwa moyo kwa sababu miche aliyopanda mwenyewe juani adhuhuri imemfia.

Zamu ziandikwe kwa jina na siku, Jumapili, Ijumaa na Idi zikiwemo. Tundu dogo la trei hukauka ndani ya saa chache, na kazi iliyoachiwa "wote" haina mtu.

Mafunzo yawe ya mzunguko kamili. Kila mwanafunzi apewe trei yake yenye jina, asie mwenyewe, aandike daftarini tarehe, idadi iliyoota na iliyokufa, mpaka atoe miche yake mwenyewe. Semina ya siku mbili ukumbini haimfundishi mtu kuona kinyausi saa 12 asubuhi. Kwa akina mama pangeni saa 3 hadi saa 5, baada ya kazi za asubuhi na kabla ya kupika chakula cha mchana, na pawe na mkeka wa watoto kivulini. Wasiposhirikishwa kwenye kupanga saa hawatakosa nia, watakosa nafasi.

Kiwanja kikiwa cha mwanachama au mumewe, andikishaneni mkataba wa angalau miaka miwili mbele ya serikali ya kijiji au mtaa kabla ya kuvuta bomba. Kiwanja kilichokuwa pori hugombaniwa kikishapata maji.

Mtaji upo karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Nendeni mkiwa mmekwisha kufanya mizunguko miwili kwa akiba zenu, daftari mkononi. Ombeni trei, neti na tangi, na marejesho myapange yaangukie baada ya mauzo.

Siku 7 kabla ya kukabidhi, punguzeni maji na muondoe kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Siku yenyewe mwagilieni asubuhi, safirisheni trei zikiwa zimelala sawa na zimekingwa upepo, na upandikizaji uanze jua likipoa. Baada ya wiki moja rudini shambani mhesabu iliyoshika katika mistari mitatu tofauti, mwandike namba hiyo kando ya jina la mteja na namba ya kundi la mbegu.