Mwaloni upi ni upi?

SWALI: Habari zenu. Mi naishi Leicester, kila asubuhi nampeleka mwanangu shule tunakatiza paki moja ina mialoni (miti ya oak) kibao, yeye anaokota zile kokwa anajaza mifukoni mpaka mashine ya kufulia inagonga. Sasa jirani kaniambia ile mialoni ni ya aina mbili, mi naona yote sawa tu. Natofautishaje? Na ndo ile ya kwenye Biblia?
Mama wa Kokwa

JIBU: Jirani yako yuko sahihi mama, mialoni ya asili ya Uingereza ni miwili, Quercus robur na Quercus petraea, na siri yote iko kwenye kikonyo. Angalia kokwa za tawini, maana za chini mara nyingi zishachomoka kwenye kikombe, kile kikofia chake. Ukiona kokwa inaning'inia na kikonyo kirefu kama hereni, hiyo robur. Ukiona imeganda kwenye tawi kama kupe, hiyo petraea. Sasa majani ni kinyume, na hapa ndo wengi wanapotea, jani la robur halina kikonyo cha maana halafu pale chini lina vimasikio viwili, la petraea ndo lina kikonyo na masikio hamna, kwaiyo mtu akikwambia "ule wenye kikonyo" muulize kwanza kikonyo cha nini. Ila hii miti inazaliana yenyewe kwa yenyewe, utakutana na chotara ana huku na huku, huyo msigombane na jirani. Na kikombe kikiwa na manywele kama kimevaa mzula wa sufu, huo sio wa asili, ni Quercus cerris, uliletwa karne ya 18.

Mialoni ya Mamre kwenye Mwanzo 18 ni ukoo huohuo ila aina nyingine, ule mzee wa Hebroni wanaouita mwaloni wa Ibrahimu, ulioanguka 2019, ulikuwa wa jamii isiyopukutisha majani, wakati wa hapo pakini kwako Januari unabaki mifupa.

Na kama umetokea Mwanza usije ukacheka, najua ukisikia mwaloni unanusa dagaa, huo ni mwalo wa kushushia samaki, hauhusiani kabisa. Mwingine wa kukuchanganya ni grevilea, ile miti ya kwenye mashamba ya kahawa, Waingereza nao wanaiita mwaloni wa hariri, wakati imetoka Australia na kokwa haina hata moja.