Nabii amesema mtoto wa marehemu wifi ndiye mlango wa bulozi

Yaya (dada mkubwa), jambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana nyumba yetu haina amani. Mume wangu alikuwa kwenye kandarasi ya mgodi, wakamrudisha nyumbani. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 2, kila mara anavimba vidole na miguu, usiku analia mifupa, na mara mbili wamemwongezea damu. Mimi mwenyewe nikilala naona kama mtu ananikaba, siwezi kusogea. Jirani akanipeleka kwa nabii. Nabii akasema mlango wa bulozi ni msichana wa miaka 8 tunayemlea, mtoto wa dada ya mume wangu aliyefariki. Ni kweli anakojoa kitandani na anaongea peke yake. Nabii anataka dola 200, mafuta na chumvi ya kunyunyiza milangoni, na mtoto akae kanisani siku 3 bila kula wala kunywa. Amenipa Zaburi ya 91 kwenye karatasi niiweke chini ya mto. Rozari na skapulari yangu (kile kitambaa cha Bikira Maria cha kuvaa shingoni) amesema havina nguvu, maana havikuzuia shida. Mume wangu amekataa, mama mkwe analia tu. Nikikataa, nitakuwa nimemkataa Mungu? Nijikinge namna gani? – Mama wa Katuba

Mdogo wangu, jambo.

Umeuliza mengi, na karibu yote yanaweza kungoja. Moja haliwezi: yule msichana asipelekwe kule. Asipelekwe hata kwa saa moja, hata wakikuambia ataombewa tu na kurudi. Mtoto wa miaka 8 akinyimwa maji siku 3 katika joto letu anaweza kufa, na akifa watasema pepo lake lilikuwa kali. Angalia jinsi kesi hizi zinavyoendeshwa. Mtoto akinyamaza, ni mulozi mwenye kiburi. Akilia, pepo limeguswa. Akichoka akakubali kila kitu ili apewe kikombe cha maji, basi amekiri mbele ya watu. Hakuna jibu ambalo mtoto anaweza kutoa likamwokoa.

Mumeo yuko upande wa haki, na pia upande wa sheria. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Haikuacha nafasi ya nabii, wala ya mke wa mjomba.

Na huyo msichana amemzika mama yake. Kukojoa kitandani ndiyo kilio cha watoto wengi waliofiwa, hasa wakihamishiwa nyumba nyingine. Unasema anaongea peke yake. Umewahi kumwuliza anaongea na nani? Pengine anamsimulia mama yake mambo ya siku nzima, kwa sababu hapo paselini, ndani ya ua wenu, hajapata mwingine wa kumsimulia.

Sasa huyo wako wa mwisho. Mimi si daktari, lakini mama yeyote aliyekaa kwenye mabenchi ya watoto pale hospitali ya Sendwe, akisikia vidole vinavimba, mifupa inauma na damu imeongezwa mara mbili, atakuuliza kitu kimoja: mmepima SS? Barua yako haisemi, na nabii hakuuliza. Anemia SS, yaani selimundu, mtoto huipata kwa wazazi wote wawili. Baba anaweza kuwa AS, yaani amebeba nusu tu ya urithi huo, mama AS, wote wazima kabisa, wasijue lolote. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, ndiyo maana wakubwa wako wawili kuwa na afya hakuthibitishi kitu. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na pale zilipoziba ndipo mtoto analia. Kwa mtoto mdogo mara nyingi huanzia mikononi na miguuni, kama ulivyoandika.

Pengine siyo SS. Maabara itasema. Lakini ikiwa ndiyo, ni ugonjwa wa maisha unaotunzika: maji mengi, kumkinga na malaria, dawa za kuzuia maambukizo, na wengine huandikiwa hydroxyurea. Na katika mifungo ya nyumba nzima ambayo watu wa maombi hupenda kuagiza, usimfungishe huyo hata nusu siku. Kiu peke yake inaweza kumletea maumivu. Ukishajua ni damu yako na ya mumeo, sawa kwa sawa, bila kosa la yeyote, utaona jinsi neno "nani amemtuma?" linavyopungua uzito. Wanafunzi walimwuliza Yesu hivyo hivyo juu ya yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akawajibu: si huyu, wala si wazazi wake.

Kukabwa usiku ni kitu kinachojulikana: akili imeamka, mwili bado umelala. Huwapata watu waliochoka, wenye mawazo, waliokatiwa usingizi na mtoto anayelia, na zaidi ukilala chali. Kinatisha sana, halafu kinapita. Lala ubavu, na mumeo abebe mtoto usiku mmoja mmoja. Kuhusu kazi yake, sina hakika nabii anafuata habari za madini. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kobalti kwenda nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Mambo yakibana hivyo migodini, wa kandarasi ndio hutangulia kurudi nyumbani. Msichana wa miaka 8 kutoka Katuba hapangi bei ya kobalti.

Haya, tuje kwenye imani, maana naona ndiko hofu yako iliko.

Sitakuambia uovu haupo. Ninasali Baba Yetu kama wewe, na mwishoni tunaomba kuokolewa na yule mwovu. Lakini chukua ile karatasi uliyopewa, kisha ufungue Mathayo sura ya 4. Anayenukuu Zaburi ya 91 pale juu ya kinara cha hekalu ni Ibilisi. Anamwambia Yesu ajitupe chini, kwa maana imeandikwa kwamba malaika watamchukua. Yesu hakuikana ile zaburi. Alikataa kuifanya chombo cha kumlazimisha Mungu. Kwa hiyo hata neno la Biblia linaweza kushikwa kama hirizi. Ukisali unasema na Mtu, naye anaweza kukujibu usivyotaka. Hirizi umeshailipia, unadai ifanye kazi, na isipofanya unatafuta wa kumlaumu. Ndiyo maana hirizi haikai nyumbani bila kupata mulozi.

Nabii anauliza kwa nini skapulari haikuzuia shida. Swali si baya. Jibu lake liko katika historia ya nchi yetu wenyewe. Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Equateur, amebatizwa mwaka 1906, akavaa skapulari shingoni. Kwenye shamba alikofanya kazi, msimamizi Mzungu alimwamuru aivue. Alipokataa alipigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kitupu. Aliteseka miezi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Kama skapulari ingekuwa ya kuzuia mijeledi, basi ya Bakanja ilishindwa, na Kanisa lingeificha habari hiyo kwa aibu. Lakini yeye hakuivaa kwa sababu hiyo. Ilikuwa inasema yeye ni wa nani. Na akiwa anaoza mgongo aliahidi kumwombea aliyempiga. Uovu ulimfikia mwilini, ila haukumfanya awe mtu wa kuumiza wengine.

Hapo ndipo ninapokuogopea, mdogo wangu. Umeangalia milango yote uone bulozi unaingilia wapi, na wakati huo huo hofu imekaa ndani na inakushawishi umtoe yatima akateswe. Paulo anaandika kwa Waefeso, sura ya 6, kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Msichana huyo ni damu na nyama. Endelea kusoma uone silaha anazotaja: kweli, haki, amani, imani, wokovu, neno la Mungu, na kusali bila kuchoka. Hakuna hata moja unayoweza kumpigia mtoto.

Dola 200 sitazizungumza sana. Simoni wa Samaria alipotaka kununua nguvu za Roho kwa fedha, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Matendo sura ya 8. Kuuza ni kosa lile lile, mkono tu ndio umebadilika. Mafuta yenyewe hayana ubaya, Yakobo anataja kupaka wagonjwa mafuta, na padri wako atakuja kumbariki mtoto bila bei. Tena kama moyo wako bado unasema kuna jambo la pepo, nenda parokiani ukaseme. Katika Kanisa Katoliki hakuna anayeruhusiwa kupunga pepo rasmi bila idhini ya askofu, na kabla ya hapo wanataka kujua kwanza kama si ugonjwa. Wala sisemi makanisa yote ya uamsho ni hivyo. Wapo wachungaji mjini humu wanaoomba bure na kumwambia mama akimbize mtoto hospitali. Huyo wako siye.

Kwa hiyo hujamkataa Mungu. Endelea na rozari yako. Jioni salini pamoja, watoto wote, na huyo msichana asikae pembeni kama mshitakiwa. Kama anajua kusoma, yeye asome Zaburi ya 91 kwa sauti.

Usikubali wazo la kumpeleka "kwa muda" kwa ndugu wa mbali ili maneno yapoe. Wasalesiani, watawa Wakatoliki wanaolea watoto wa mitaani hapa Lubumbashi, katika nyumba zenye jina la huyo huyo Bakanja, wanawajua walioanzia safari hiyo. Nabii au watu wake wakifika kudai mtoto, wapokelewe nje na mumeo pamoja na kiongozi wa jumuiya, na wasipewe nafasi ya kumwona. Jirani mwambie kwa upole kwamba mnasubiri majibu ya hospitali. Hakuwa na nia mbaya, na ukimgeuza adui maneno yatasambaa paseli zote.

Mama mkwe anahitaji kusikia kwako, si kwa mumeo. Huyo ni mjukuu wake kwa binti aliyemzika. Nenda leo na msichana mwenyewe, kaeni naye mle bukari (ugali) pamoja, umwambie wazi kwamba mtoto haendi popote.

Majibu ya damu yakitoka niandikie. Ikiwa ni SS, kuna mambo ya shule, baridi ya mwezi wa 6 na chanjo ambayo tutayazungumza.

Yaya